Pale Palipokuwa na Ukumbi wa Dansi

Giza liliingia na Janelle hajafika. Niliipasha supu, nikaitoa motoni, nikaipasha tena, mpaka sukuma wiki ikapoteza rangi na soseji ikaanza kuchambuka. Mume wangu Gualter alikaa kibarazani ameshika gazeti ambalo gizani asingeweza kulisoma. Dada yake, wifi yangu Odília, alikuwa jikoni anafuta vikombe vikavu.

Nyumba hii tunayokodi ufukweni Matunuck haina simu. Ukitaka kupiga simu unakwenda dukani, barabara kuu, na duka lilikuwa limeshafungwa. Kama gari la Janelle limeharibika njiani, au kama amebadili nia akalala zake, tusingejua mpaka asubuhi. Nje kulikuwa na ukungu. Nilifungua dirisha nisikilize barabara, nikalifunga kwa sababu ya baridi ya mtoto, halafu nikakumbuka kwamba mtoto mwenyewe hayupo.

Janelle ni mke wa mwanangu Délio. Délio ni mwanamaji, kazi yake iko ndani ya nyambizi, na kiangazi kile alikuwa chini ya maji tangu masika. Chini ya maji gani, hata mkewe hakuambiwa. Janelle alibaki Groton, jimbo la jirani, kwenye nyumba za wanajeshi, na binti yao mchanga Corinne. Mjukuu wangu huyo nilikuwa nimemshika siku moja tu, siku ya ubatizo. Na sasa Janelle alikuwa amesema kwenye simu kwamba mwisho wa mwezi atarudi kwao Nebraska na mtoto, akakae kwa mama yake. Aliyasema bila hasira, kama mtu anayesema kesho atafua. Wiki hii ya ufukweni ndiyo iliyokuwa imebaki katikati.

"Atakuja," alisema Odília.

"Umesema hivyo tangu alasiri."

"Na nitaendelea kusema mpaka aje. Funika supu, wifi, inakauka."

Inafaa nimweleze huyu Odília, maana wiki ile ilikuwa kazi ya mikono yake, kama wiki zote za likizo za nyumba yetu.

Aliletwa Marekani kutoka visiwa vya Azori akiwa msichana mdogo, amemshika Gualter mkono melini asitumbukie. Alipofika umri wa kazi aliingia kiwanda cha vito huko Providence, kuchomeka hereni kwenye kadi zake, na hakutoka tena. Jioni alileta kadi nyumbani akachomeka mbele ya televisheni bila kutazama mikono. Hakuolewa. Ukimwona kanisani ungedhani ni mtu mkali, kwa sababu huwahesabu watu wa kwetu kwa macho, nani amekuja na nani hakuja, na ambaye hakuja hupelekewa supu kabla ya saa ya chakula cha mchana.

Viwanda vyote vya vito vya jimbo letu hufungwa wakati mmoja, mwanzoni mwa Julai, na nusu ya watu wa Rhode Island huhamia ufukweni siku hiyo hiyo. Nyumba hazitangazwi. Kila familia ina wiki yake, na wiki ni yako ilimradi hujawahi kuiacha. Sisi yetu tunaipata kwa Bwana Tefft, mzee wa huko kusini ambaye huwa hasemi maneno mawili kama moja linatosha. Kila Pasaka Odília humpelekea mkate mtamu wa kwetu, ule wenye yai zima ndani. Bwana Tefft huupokea na kuunusa.

"Julai?" huuliza Odília.

"Julai," hujibu Bwana Tefft.

Mkataba ndio huo.

Lakini mipango huanza mapema zaidi, Januari, theluji ikiwa imefika madirishani. Jumapili moja baada ya misa Odília husafisha meza yake ya jikoni na kutoa vikombe kabatini. Meza inakuwa nyumba ya Matunuck na kila kikombe mtu. Huku ndiko chumba cha baharini, huku chumba cha nyuma, huku kibarazani. Anavisogeza, anakaa nyuma kidogo kuvitazama, anavisogeza tena. Kikombe cha Gualter ni kile kilichomeguka mdomo.

"Mbona mimi kila mwaka nalala mbali na choo?" Gualter aliuliza Januari ile.

"Kwa sababu ukilala karibu hutoki."

"Na mbona niko karibu na jiko?"

"Unakoroma. Jiko halilalamiki."

Basi wakati tunacheka, Odília aliingiza mkono nyuma kabisa ya kabati, akatoa kikombe cha buluu ambacho sijawahi kukiona, akakiweka kwenye chumba cha baharini. Chumba hicho kina dirisha pana, na siku zote kilikuwa chake mwenyewe. Pembeni akaweka kikombe kidogo cha kuwekea yai. Kikombe chake mwenyewe alikihamishia chumba cha nyuma, pamoja na mimi.

"Hicho cha nani?" niliuliza, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Cha mke wa Délio. Na hicho cha mtoto."

"Hajasema anakuja."

"Hajaulizwa."

Gualter alisafisha koo. "Groton ni mbali, Dada. Saa nzima barabarani, na mtoto mchanga."

Hapo lazima niseme kitu kuhusu sisi. Jimbo letu ni dogo, na labda ndiyo sababu umbali tunaupima kwa namna yetu. Kutoka kwetu East Providence mpaka Matunuck si hata saa moja, lakini tunafunga mikate, tunabeba maji, tunamwachia jirani ufunguo, na mtu akisema atakwenda na kurudi siku hiyo hiyo tunamwonea huruma. Nina binamu anayekaa ng'ambo ya ghuba. Tunaonana kwenye mazishi. Kwa hiyo Délio alipohamia Groton na mkewe, tulilia kama anakwenda vitani, na baada ya hapo hakuna aliyekwenda kumtazama. Hakuna aliyeona ajabu. Nani angekwenda huko kote?

"Gualter," alisema Odília, "unajua kwao Nebraska saa moja ni nini?"

"Ni saa moja."

"Ni kwenda kununua unga. Baba yake huendesha saa moja kwenda kunyoa ndevu. Aliniambia mwenyewe siku ya ubatizo." Aligeuza kikombe cha buluu, kishikio chake kiangalie dirisha. "Yule binti yuko kule mwaka mzima, familia ya mumewe iko hapo tu, na hakuna hata mmoja aliyemgongea mlango. Ungekuwa wewe ungefikiri nini?"

Mimi nilimkumbuka Janelle siku ya ubatizo, alivyokaa sebuleni kwetu na koti mwilini mpaka keki ikaisha. Mtu anayekaa na koti anataka kuondoka, au anangoja kuambiwa avue. Nilikuwa nimeona, kwa sababu mimi huona vitu kama hivyo, na nikadhani anataka kuondoka.

Tangu hapo Odília alimpigia simu kila Jumapili. Mimi nilikuwa nikisikia upande wake tu. Hakumbembeleza hata mara moja. Alimweleza nyumba, kana kwamba Janelle ameshakubali na kinachobaki ni kuijua. Chumba chako kina dirisha, usiku utasikia bahari, usiogope. Chaza tunachimba wenyewe maji yakipwa, utachafuka, lete suruali mbovu. Asubuhi Gualter huweka sharubati ya kahawa kwenye maziwa ya watoto wa jirani, mpaka wanarukaruka. Usimruhusu ampe Corinne. Na alimweleza mlango.

Mlango wa nyumba ile umevimba kwa hewa ya chumvi. Ukisukuma kwa mkono haufunguki. Inabidi upige teke pale chini, upande wa kulia, ambapo rangi imeshaondoka yote kwa viatu vyetu vya miaka na miaka. Wenye nyumba hupiga teke. Anayebisha ni mtu wa umeme, au padri.

"Usibishe," nilimsikia akisema kwenye simu. "Ukibisha nitajua hukunisikiliza."

Pasaka alipompelekea Bwana Tefft mkate alivunja desturi. Baada ya "Julai" akaongeza kwamba mwaka huu kuna mtoto mchanga. Bwana Tefft alinusa mkate.

"Kitanda kidogo kipo darini," alisema. Kwake hiyo ilikuwa hotuba.

Na Jumapili ya mwisho ya Juni, Odília alikata simu, mkono ukabaki juu yake.

"Amesema ndiyo?" niliuliza.

"Amesema ataleta saladi ya viazi."

Sasa ilikuwa Jumamosi yenyewe, kitanda kidogo kimetandikwa, na saladi ya viazi haipo.

Gari lilipita barabara kuu. Sote tuligeuza shingo. Halikukunja.

Gualter aliingia ndani akisugua mikono. "Labda ameogopa."

"Kuogopa nini?" alisema Odília.

"Sisi."

"Wewe ndiye wa kuogopwa, na kaptura hiyo."

Lakini hakucheka, na mimi nikaona kwamba kikombe kilichokuwa mkononi mwake kilikuwa kile cha buluu, na amekifuta muda mrefu. Mawazo yangu yalikuwa yameshafika mbali. Nilimwona gari limeingia mtaroni. Nilimwona yuko Nebraska tayari. Nilimwona Délio anatoka baharini na kukuta nyumba tupu, halafu anatuuliza sisi. Ili nisiendelee kuona, nikauliza kitu chochote.

"Wifi, ulimwelekezaje njia?"

Odília aliweka kikombe chini. Njia aliijua kama sala ya Baba Yetu uliye mbinguni.

"Nilimwambia aje moja kwa moja kwa barabara kuu. Akipita mnara wa maji apunguze mwendo."

"Sawa," alisema Gualter.

"Akunje kulia pale palipokuwa na ukumbi wa dansi."

"Sawa."

"Afuate mpaka kwa kina Carlson, halafu kushoto penye ule mti mkubwa, na sisi ni nyumba ya mwisho."

"Hapo hata kipofu anafika," alisema Gualter.

Na mimi nilikuwa natikisa kichwa pamoja nao. Niliiona njia yote wakati anaisema, mnara, ukumbi, mti. Ndipo nilipojaribu kuiona nikiwa Janelle, usiku, kwenye ukungu, mtoto analia kiti cha nyuma. Nikaanza kutafuta ukumbi.

"Ukumbi uliungua lini?" niliuliza.

"Ah, zamani," alisema Gualter. "Délio hajazaliwa."

"Na pana nini sasa?"

"Hapana kitu. Majani."

"Kina Carlson?"

"Walihamia Florida."

"Na mti?"

"Mti uliangushwa na kimbu..." Gualter aliishia hapo.

"Mnara wa maji uliteremshwa," nilisema. "Tulikuja kutazama wakiuteremsha. Tulileta viti."

Odília alikaa. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona anakaa kabla chakula hakijaliwa.

"Hakuuliza," alisema taratibu. "Kila nilichosema alikuwa akijibu, 'Ndiyo, Shangazi.'"

"Angeuliza nini? Ana haya."

"Ndiyo, Shangazi. Ndiyo, Shangazi." Alitazama mikono yake. "Nimemwita nyumbani kwa vitu ambavyo havipo."

Kwa wifi yangu ukumbi ule haujaungua. Alipokuwa kijana alikuwa akija huko kila Jumamosi ya kiangazi na wasichana wa kiwandani, wote kwenye lori la fundi mmoja aliyeitwa Belmiro. Alicheza na Belmiro huyo mpaka viatu vikatoka soli. Belmiro alikwenda California kwenye mashamba ya ng'ombe wa maziwa, akaandika kwa muda, kisha hakuandika. Ukumbi uliungua majira ya baridi yaliyofuata. Odília hakuwahi kunisimulia haya, aliyenisimulia ni Gualter. Lakini kila mwaka tukifika pale kwenye majani yeye hugeuka dirishani, na akituelekeza mahali, popote tunapokwenda, huanzia hapo.

Hakukaa sana. Aliinuka, akavaa koti la mvua la Gualter lililomfika miguuni, akateremsha taa ya chemli iliyoning'inia juu ya jiko.

"Unakwenda wapi?" niliuliza.

"Ukumbini."

"Dada, hakuna kitu pale," alisema Gualter.

"Basi pawe na mimi. Wewe chukua gari, ukamtafute barabara kuu. Idalina, wewe baki. Asije akafika akakuta nyumba haina mtu."

Wakatoka. Niliitazama taa ikipanda njia, ikawa ndogo, ikawa rangi tu ndani ya ukungu, halafu nikawa siioni. Nilipanga meza. Nilikiweka kikombe cha buluu mahali pake na kile cha yai pembeni, kisha nikaona upuuzi kumwekea mtoto anyonyaye kikombe cha yai, nikakitoa, kisha nikakirudisha. Nilikwenda kugusa shuka za kitanda kidogo kama zimeshika unyevu. Zilikuwa kavu. Niligusa tena.

Gualter alirudi kwanza. Nilisikia gari, moyo ukaniruka, na teke lake mlangoni likanivunja moyo, kwa sababu teke la Gualter nalijua.

"Amekuja," alisema akihema. "Yaani, yupo. Nimefika kituo cha mafuta, wanasema binti mwenye mtoto alikuwa hapo muda si mrefu. Alikuwa akiulizia ukumbi wa dansi."

"Wakamwambia nini?"

"Kulikuwa na mzee mmoja wa hapa hapa. Akamwambia ni rahisi sana, apite pale palipokuwa na bucha."

Tulitazamana. Kisha Gualter akaanza kucheka, mimi nikaanza kucheka, na kicheko changu kikageuka njiani, nikajifuta kwa aproni.

"Rudi barabarani," nilisema.

"Dada yuko pale na taa. Anaonekana kutoka mbali, nimempita. Amesimama katikati ya majani kama mnara." Alivuta kiti. "Tumwache. Yule binti amekwenda na kurudi barabara hii jioni nzima, Idalina. Angetaka kurudi Groton angekuwa ameshafika, ameshalala."

Jambo hilo sikuwa nimelifikiria. Mimi nilikuwa nimefikiria mitaro tu. Lakini mtu anayeuliza njia kituo cha mafuta, akapewa njia isiyokuwepo, akarudi tena barabarani na mtoto analia, huyo hakuwa anatafuta sababu ya kuondoka. Nilikaa karibu na Gualter, na kwa mara ya kwanza usiku ule nikasikia bahari.

Magurudumu yalisikika kwenye maganda ya chaza yaliyomwagwa njiani, polepole, ya mtu asiyeijua njia. Milango ya gari ikafunguka, mmoja, halafu mwingine. Gualter alitaka kuinuka nikamshika mkono. Nilisikia sauti ya Odília.

"Nipe mtoto. Nipe na hiyo saladi. Haya."

"Amelala, Shangazi. Samahani. Nimechelewa, samahani sana." Ilikuwa sauti nyembamba, imechoka.

"Nani, saladi?"

"Mtoto." Kikafuata kicheko kidogo, cha pua iliyolia. "Nilitafuta kila kitu ulichosema. Nilidhani mimi ndiye sioni."

"Hukuwa huoni. Mimi ndiye ninayeona visivyokuwepo. Kesho nitakuonyesha vyote, mahali vilipokuwa. Nenda, mlango ule."

Hatua zilipanda ngazi za kibaraza. Zikafika, zikasimama. Mimi nilikuwa nimeshasimama upande wa ndani, mkono karibu na kitasa. Ningeweza kufungua. Nilisikia anavyopumua upande wa pili, na nilisikia koti lake likikwaruza mbao, na nikajua mkono wake umeinuka kama wa mtu anayetaka kubisha.

"Kwa mguu," alisema Odília kutoka chini gizani. "Nilikuambia."

"Nitauvunja."

"Umeshavunjwa na watu wazito kuliko wewe. Kulia. Chini."

Niliushusha mkono wangu, nikarudi nyuma kidogo nisigongwe. Teke la kwanza lilikuwa la adabu, la kidole cha kiatu, na mlango haukusikia. Gualter nyuma yangu alishika pumzi. Halafu likaja la pili, zito, la mtu aliyechoka na aliyefika, na mlango ukafunguka mpaka ukagonga ukuta.